Msemaji Aliyefutwa

Dufie Ampomah alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kutovumilia kitu kinachokaa bure. Kijiko cha tatu katika nyumba ya mtu anayeishi peke yake kilimkera. Mjomba anayehudhuria kila kikao cha ukoo bila kutoa neno alimkera zaidi. Kazini, ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa kipaji. Katika karakana yao ndogo pale Suame, katikati ya mafundi wa magari wanaogonga nyundo tangu alfajiri, yeye ndiye aliyeandaa mifumo endeshi ya vikompyuta vya kuendeshea mitambo, na vikompyuta hivyo havina nafasi ya wageni wasio na shughuli.

Jumamosi hiyo alikuwa na kisanduku cha pampu ya kisima cha Nsuokrom, mji wa mama yake. Pampu tatu zilikwishaungua pale, kwa sababu aliyepewa kazi ya kuzima pampu maji yakipungua alikuwa akienda kuangalia mpira. Kisanduku cha Dufie kingetazama maji chenyewe, kiwashe chenyewe na kizime chenyewe. Kesho yake, Jumapili ya Adae, sikukuu ya jadi ya kumsalimu chifu, angekionyesha mbele ya Nana, chifu wa mji. Kikifanya kazi, kisima kinabaki mali ya mji. Kikigoma, kisima anapewa Bosi Gyimah, mwenye magari ya maji, ayavute maji yao na kuwauzia wao wenyewe kwa ndoo.

Mama yake, Maame Afrakoma, alipiga simu saa nne.

"Hicho kisanduku chako kinaamka baada ya muda gani?"

"Sekunde arobaini, Mama."

"Arobaini! Yaani Nana akae anasubirishwa na sanduku?"

"Mama, hata wewe ukiamka asubuhi unachukua zaidi ya hapo."

"Mimi si sanduku. Halafu sikiliza. Pale ukumbini unaongea kupitia kwa Okyeame, msemaji wa Nana. Usije ukamfungulia Nana mdomo moja kwa moja kama unamwita muuza kenkey wa barabarani."

"Lakini Nana ana masikio yake mwenyewe, Mama. Huyo mzee Bonsra kazi yake ni kurudia maneno ya watu na kutafuna karanga. Mwaka juzi si alimshikilia Nana kitini hadi alasiri kwa kesi ya mbuzi mmoja?"

"Ndiyo, kwa sababu Nana hainuki Okyeame akiwa hajamaliza. Ndiyo desturi."

"Basi wangemwondoa, kesi ya mbuzi ingekwisha asubuhi."

"Dufie."

"Naam, Mama."

"Nyamaza."

Akarudi kwenye kisanduku chake na hasira zake. Sekunde arobaini! Akaandika programu fupi ya kupita faili moja baada ya jingine ikiuliza swali moja: nani anakuhitaji? Kila programu ina orodha ya wale inaowategemea. Faili lisilotajwa katika orodha ya yeyote, Dufie alilifuta bila kupepesa macho. Zilikwenda picha za kukaribisha, zikaenda fonti za lugha ambazo hakuna mtu Nsuokrom anayezisoma. Mwishoni likabaki faili moja dogo, limejikunyata kwenye kona yake, halitajwi katika orodha yoyote.

"Na wewe? Nani anakuita wewe?" Dufie aliliuliza.

Halikujibu. Akalifuta.

Kisanduku kikaamka kwa sekunde tisa, taa ya kijani ikawaka, na Dufie akacheka peke yake kwa raha. Programu ya pampu yenyewe hakuijaribu tena. Pampu ilikuwa Nsuokrom, na programu ilikuwa imefanya kazi wiki nzima bila kukohoa. Mtu mwenye akili zake angeijaribu mara moja tu zaidi. Lakini mtu aliyeifurahia kazi yake kupita kiasi huwa hana akili zake, na Dufie alifunga kisanduku kwa skrubu sita, akazikaza zote.

Asubuhi ya Adae ukumbi wa Nana ulijaa. Nana alikaa juu kwenye kiti chake, amevaa nguo nzito na dhahabu mikononi, uso hauonyeshi kitu. Wazee walikuwa kushoto na kulia. Nyuma walisimama wanawake na ndoo zao, Maame Afrakoma mbele kabisa na ndoo mpya ya bluu ambayo aliinunua kwa ajili ya siku hiyo na ambayo alikuwa ameshamwonyesha kila mtu. Kupitia mlango wa pembeni lilionekana bomba uani, na kando ya bomba pampu imeunganishwa na kisanduku kwa waya mrefu. Bosi Gyimah alikuwa amekuja na kiti chake mwenyewe kutoka nyumbani, akakiweka mlangoni hapohapo karibu na bomba, apate kuona vizuri aibu ya watu.

Nje wapiga ngoma walikuwa wakikaza ngozi. Ngoma zikianza, Nana anatoka kwenda kusalimiwa na umma, na akishainuka shauri limefungwa hadi Adae nyingine, wiki sita mbele. Na Bosi Gyimah alikuwa amekuja na karatasi ya kupewa kisima, akitaka itiwe saini kabla ya wiki hizo sita.

Okyeame Bonsra alisimama na fimbo yake yenye kichwa cha dhahabu. Alikuwa mzee mfupi, tumbo kubwa, sauti kubwa kuliko tumbo.

"Nana! Binti wa Afrakoma amerudi nyumbani. Amefuga radi ndani ya kopo, na kopo hilo litayaita maji kwa jina!"

"Sikusema hivyo," Dufie alinong'ona.

"Ulisema nini?"

"Nilisema nimeleta kisanduku."

"Ndiyo hivyohivyo," alisema Okyeame, akatia karanga mbili mdomoni. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameonja schnapps, pombe kali ya tambiko, tangu jua halijachomoza na umri wake haukumruhusu tena kubishana na kibofu, alitoka kwa heshima zote kupitia mlango wa nyuma.

Dufie aliunganisha laptopu yake na kisanduku, akaandika jina la programu, akabonyeza.

*Hakuna faili hilo.*

Akabonyeza tena. *Hakuna faili hilo.* Akaamuru kisanduku kiorodheshe mafaili yote. Kikaorodhesha bila kinyongo, na katikati ya orodha ilikuwepo programu yake, jina lake kamili na ukubwa wake. Akaiita. *Hakuna faili hilo.*

Bosi Gyimah alikuwa ameshainuka kuja kuchungulia begani kwake.

"Subiri kwanza, dada injinia. Hii si ndiyo pampu? Imeandikwa 'pampu' hapa. Mbona inasema haipo na mimi naiona? Au miwani yangu ndiyo imesoma zaidi kuliko mashine?"

Ukumbi ukacheka. Hata wanawake wa nyuma walicheka, isipokuwa mmoja aliyekuwa amekumbatia ndoo ya bluu.

Dufie alihisi jasho likimshuka mgongoni. Akakagua ruhusa za faili, ziko sawa. Akakagua jina herufi kwa herufi, liko sawa. Nje ngoma moja ikagongwa mara mbili, ya kujaribu tu, na Nana akasogeza miguu yake kwenye viatu. Hapo Dufie aliogopa kwelikweli, na kwa woga huo akasahau kila alichofundishwa.

"Nana, nakuomba dakika tano! Dakika tano tu!"

Nana alitazama feni ya darini. Mzee wa kushoto akamgeukia mwenzake.

"Kuna mtu amesema kitu?"

"Sijasikia mtu."

"Nana, tafadhali, mimi niko hapa, unaniona!"

"Labda ni feni," alisema yule mwenzake.

"Feni imezeeka," alikubali mzee wa kushoto.

Maame Afrakoma aliuma kanga yake, maana alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Dufie alisimama katikati ya watu hamsini, kila mmoja akimwona, urefu wake na jasho lake, na wote wakikana kwamba yupo. Alikuwa amefika na amejulikana. Kilichokosekana ni Okyeame tu, na bila Okyeame alikuwa hayupo.

Akaitazama skrini. *Hakuna faili hilo.*

"Ala!" alisema kwa sauti.

Aliona yote kwa mara moja, na aliona aibu kabla ya kuona nafuu. Programu yake ya pampu haikuumbwa kujiingiza yenyewe kwenye kumbukumbu. Mwanzoni mwake, mahali ambapo kiini cha mfumo endeshi peke yake husoma, liliandikwa jina la kipakizi, yule anayetangulia kuingia, anayetafuta maktaba zote zinazohitajika, anayeziunganisha na ndipo aipe programu nafasi ya kusema. Jina hilo haliandikwi kwenye orodha ya mahitaji. Kipakizi haitwi na programu nyingine yoyote, anaitwa na kiini tu. Kiini kiliifungua programu ya pampu, kikasoma jina hilo, kikaenda kumtafuta mwenyewe, kikamkosa, kikarudi na jibu lake fupi bila kufafanua ni faili gani limekosekana. Zile amri za kuorodhesha zilijibu kwa sababu hubeba kila kitu tumboni mwao na hazihitaji wa kuzisemea. Lile faili dogo la kwenye kona, lile alilolifuta jana, ndilo lilikuwa mlango wa kila kitu.

Okyeame Bonsra aliingia akifuta mikono. Dufie akamrukia.

"Mzee, nimefanya kosa. Kuna mmoja nimemfuta. Nina nakala yake kwenye laptopu, lakini inabidi nifungue kisanduku, nitoe kadi ya kumbukumbu, nimrudishe. Mwombe Nana asiinuke."

"Umemfuta nani?"

Dufie alitaka kusema jambo la kitaalamu, lakini hakukuwa na muda.

"Ni kama okyeame, mzee. Wa ndani ya kisanduku."

Mzee aliacha kutafuna. "Kwa kosa gani?"

"Sikuona mtu anayemwita. Nikadhani anakaa bure."

"Anakaa bure," Okyeame alirudia polepole, na uso wake ukavimba kwa uchungu wa kweli. Kwa muda Dufie aliamini kwamba ameua kila kitu. Nje ngoma ziligongwa tena, sasa si za kujaribu. Nana aliweka mikono kwenye kiti ili ainuke, na Bosi Gyimah alikuwa ameshaikunjua karatasi yake.

Okyeame akagonga fimbo sakafuni. "Nana! Bado sijamaliza!"

Nana akakaa.

"Nipe maneno," mzee alimnong'oneza Dufie kwa ukali. "Haraka. Mtoto mpumbavu wewe. Nipe maneno na ufungue sanduku lako."

Dufie akashika bisibisi. Skrubu ya kwanza. "Mwambie kwamba kiini kikiombwa kuendesha programu, kwanza kinafungua faili na kusoma baiti chache za mwanzo, kijue ni ya aina gani."

"Nana! Anasema ndani ya kopo kuna mlinzi wa lango. Mgeni akija, mlinzi hasikilizi porojo, anamtazama kwanza paji la uso. Asipoona alama ya ukoo anaoujua, mgeni anarudi alikotoka, hata kama amevaa kente ya kuazima!" Na hapo Okyeame akamtazama Bosi Gyimah kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Skrubu ya pili, ya tatu. "Kisha kinasoma ramani ya sehemu zake na kuzitengea nafasi. Sehemu ya maagizo inasomwa tu, haiandikwi. Sehemu ya data inaandikwa."

"Mgeni anapewa vyumba, Nana! Kimoja cha sheria, ambamo haruhusiwi kuandika ukutani hata herufi. Kingine cha shughuli zake, humo akwaruze anavyotaka."

"Akikwaruza kile cha sheria?" aliuliza mzee wa kushoto, ambaye sasa alikuwa ameinama mbele kusikiliza.

"Anauawa papo hapo," Dufie alijibu bila kuinua kichwa.

"Nana, anafukuzwa na asionekane tena!" Okyeame alitangaza, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Skrubu ya nne iligoma. Dufie aliiegemea kwa uzito wake wote. "Na vitu vyake haviingizwi vyote kwa pamoja. Kinaingizwa kile tu kinachoguswa, wakati kinapoguswa."

"Mizigo ya mgeni inabaki nje, Nana! Akitaka kulala, ndipo kitanda kinaletwa. Akitaka kula, ndipo sufuria inaletwa."

"Na asipolala?"

"Kitanda hakiingii!"

"Hiyo ni sheria nzuri," alisema mzee wa kushoto. "Shemeji yangu alikuja kwa siku mbili na majokofu mawili."

Ikatoka skrubu ya nne, ikatoka ya tano. Bosi Gyimah alikosa subira. "Okyeame, ngoma zinalia! Watu wanamngoja Nana nje!"

"Kuna mtu amesema kitu?" aliuliza Okyeame.

"Feni," walijibu wazee wote wawili.

Skrubu ya sita. Dufie alichomoa kadi kwa pupa, ikamponyoka ikaanguka kwenye zulia la Nana, nyekundu juu ya nyekundu. Alipiga magoti na kupapasa. Maame Afrakoma aliacha ndoo yake, akapiga magoti pia, na ndiye aliyeiona.

"Hii hapa. Na jana nilikwambia nini kuhusu Okyeame?"

"Mama, si sasa!"

"Nilikwambia."

Kadi ikaingia kwenye laptopu. Dufie alilitafuta lile faili dogo, akalinakili kwenye kona yake ileile.

"Maneno!" Okyeame alinong'ona, maana yalikuwa yamemwishia.

"Kinampangia meza ya mwanzo: jina aliloitwa nalo na maagizo aliyokuja nayo. Halafu kipakizi anaingia, anakusanya maktaba, na ndipo programu inaanza."

"Nana!" Sauti ya mzee ikapanda hadi ngoma za nje zikaonekana ndogo. "Vyumba viko tayari! Meza iko tayari! Lakini nani atamsemea mgeni? Anatangulia msemaji! Msemaji huyu hatajwi na wageni, hayumo katika orodha zao, wapita njia wakimwona wanasema huyu anakaa bure, anatafuna karanga! Lakini mlinzi anamjua kwa jina. Mlinzi akimkosa, Nana, nyumba nzima inakuwa bubu, na mgeni anaambiwa hayupo hali amesimama mlangoni!"

Ilikuwa sahihi kabisa. Dufie alikuwa ameisoma habari hiyo katika vitabu vinene na hakuna kilichoisema vizuri hivyo. Aliirudisha kadi kisandukuni na kuwasha bila kufunga hata skrubu moja.

Sekunde tisa. Jana zilikuwa chache, leo hazikwisha. Okyeame, ambaye hakuwa na neno lingine la kupewa, alianza kutaja ukoo wa mlinzi wa lango, babu mzaa babu, majina ambayo Dufie hakuwahi kuyasikia popote, na wazee wakaitikia kila jina.

Taa ya kijani ikawaka. Dufie akaandika, akabonyeza.

Skrini haikusema kitu. Uani pampu ikaguna. Bomba likakohoa, likatema matope mekundu, likakohoa tena, na maji yakatoka kwa nguvu zote za wiki nyingi, yakapiga jiwe, yakaruka mlangoni na kuviloweka viatu vyeupe vya Bosi Gyimah pamoja na karatasi yake. Wanawake walipiga vigelegele. Maame Afrakoma alitoka mbio na ndoo ya bluu, akalia waziwazi huku akiijaza, na hakumruhusu mtu mwingine kusogea hadi ilipofurika.

Nana aliinama na kumnong'oneza Okyeame.

"Nana anauliza," Okyeame alimwambia Dufie, "huyo msemaji uliyemrudisha ana ukubwa gani?"

"Mdogo sana, mzee. Ukimlinganisha na vingine vyote humo ndani, hata haonekani."

Okyeame alimgeukia Nana. "Nana! Anasema ni mkubwa kupita wote."

Kisha Nana akainuka na ngoma zikapaa. Dufie alijawa na furaha, akafungua mdomo amshukuru Nana kabla hajapita. Akakumbuka. Akaufunga. Akamgeukia Okyeame Bonsra, ambaye alikuwa ametia mdomoni gao zima la karanga, akafanya ishara kwa kidole kwamba asubiriwe ameze. Na Nana naye alikuwa amesimama, mguu mmoja mbele, anangoja.

Mzee alitafuna bila haraka yoyote. Dufie alisubiri, na zilipita sekunde nyingi kuliko arobaini.